Kundi moja la watalii, sheria za nchi tano: Kwa nini utalii wa pamoja Afrika Mashariki bado unakwama mpakani

Kundi la watalii kumi na wawili linaweza kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara, kushuka katika kreta ya Ngorongoro, kukaa saa moja mbele ya sokwe wa milimani katika safu ya Virunga, kisha kusikiliza ngoma za kifalme za Burundi, bila ya kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye ramani, safari hiyo ni ya ukanda mmoja. Katika ofisi ya kampuni inayoipanga, ni safari ya nchi nne au tano, kila moja ikiwa na masharti yake ya kuingia, viingilio vyake, leseni zake za magari na kanuni zake kuhusu nani anaruhusiwa kumwongoza mgeni.

Kwa mgeni, tofauti hizo ni usumbufu wa siku chache. Kwa dereva, mwongoza watalii, mpishi na mpagazi wa ukanda huu, ni suala la riziki, kwani kila mahali safari inapokatwa pana mtu anayewakabidhi wageni wake kwa mwingine na kurudi nyumbani na gari tupu. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayoahidi uhuru wa watu, kazi na huduma kuvuka mipaka, ilianza kutumika Julai 2010. Uchambuzi huu unaifuata njia ya safari ya namna hiyo, kituo baada ya kituo, ili kuona ahadi hizo zimefika wapi.

Viza iliyofika nusu ya njia

Hatua kubwa zaidi ya pamoja ilichukuliwa mwaka 2014, wakati Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha viza moja ya utalii. Kwa dola 100 za Marekani, mgeni hupata ruhusa ya kuzunguka katika nchi hizo tatu kwa siku 90. Mwaka huo huo raia wa nchi hizo tatu walianza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti, jambo lililowapunguzia gharama wafanyabiashara wadogo pamoja na madereva wa magari ya abiria.

Tanzania na Burundi hazikujiunga. Matokeo yake ni kwamba safari inayopendwa zaidi na wageni, ile inayounganisha Kenya na Tanzania, haimo ndani ya viza hiyo. Kundi linaloanzia Nairobi, likaingia Serengeti, kisha likaelekea Kigali, hulazimika kuomba ruhusa zaidi ya moja na kuhesabu upya kila linapovuka. Tanzania hutoza dola 50 kwa viza ya kawaida ya kuingia mara moja, na raia wa Marekani hutakiwa kulipa dola 100. Wamarekani kumi na wawili wenye viza ya pamoja ya nchi tatu na viza ya Tanzania huwa wamelipa dola 2,400 kabla ya kumwona mnyama hata mmoja. Wakiamua kumalizia safari katika fukwe za Zanzibar, kila mmoja hulipia pia bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza kutozwa visiwani humo Oktoba 2024.

Nchi nyingine nazo zimebadilisha utaratibu, kila moja kwa wakati wake. Kenya iliacha kutoa viza za kawaida Januari 2024 na badala yake kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao. Rwanda ilitangaza Novemba 2023 kwamba Waafrika wote wataingia bila ya kulipia viza. Hatua hizi zina manufaa, lakini kwa kuwa hazikufanywa kwa pamoja, anayepanga safari ya kundi lenye watu wa mataifa mbalimbali hulazimika kumkagua kila msafiri peke yake: pasipoti yake ni ya nchi gani, anaingia wapi kwanza, anatoka wapi mwisho, na kama ana cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kusini mwa bara kuna mfano wa karibu. Zambia na Zimbabwe zilianza mwaka huo huo wa 2014 kutoa viza ya pamoja ya dola 50, kwa kuwa Maporomoko ya Victoria yako mpakani mwao na mgeni hutaka kuyaona kutoka pande zote mbili. Afrika Mashariki ina mahali pake panapofanana na hapo, napo ni Mara na Serengeti.

Lango lililofungwa tangu 1977

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Masai Mara, upande wa Kenya, ina takriban kilomita za mraba 1,510. Kati ya hifadhi hizo mbili hakuna uzio, na nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka humo mwaka mzima wakifuata mvua na majani. Lipo lango la Bologonja upande wa Tanzania, linalotazamana na lile la Sand River upande wa Kenya, lakini watalii hawaruhusiwi kulivuka tangu mwaka 1977.

Mwaka huo ndio Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na mpaka huo haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Njia nyingine zilirejea, ila Bologonja ikabaki imefungwa.

Hoja ya Tanzania ilikuwa na msingi wa kihesabu. Kabla ya 1977, wageni wengi waliotembelea Serengeti na Ngorongoro walitua Nairobi, wakakodi magari ya Nairobi, wakalala usiku mmoja au miwili Tanzania, kisha wakarudi Kenya. Tanzania ilikuwa na wanyama na Kenya ikapata fedha. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ulijengwa ili wageni watue moja kwa moja kaskazini mwa Tanzania. Kuna pia hoja ya uhifadhi: eneo la kaskazini mwa Serengeti ni tulivu, na kulifanya kuwa barabara kuu ya magari ya utalii kungebadilisha tabia ya wanyama na ardhi yenyewe.

Hoja zote mbili zina uzito hadi leo, lakini gharama yake nayo ni kubwa. Kundi lililoko Mara linalotaka kwenda Serengeti kwa barabara hulazimika kutoka magharibi, kupita Migori hadi mpaka wa Isebania na Sirari, kuingia Tarime, kisha kuzunguka hadi kwenye malango ya magharibi ya Serengeti. Siku nzima huishia barabarani. Wenye fedha zaidi huruka kwa ndege ndogo hadi Migori, huvuka mpaka kwa gari na kupanda ndege nyingine Tarime. Wengi huona ni rahisi zaidi kuchagua upande mmoja tu, na hapo nchi ya pili hupoteza kila kitu: vitanda, chakula, viingilio na ujira wa mwongozaji.

Magari yanayoishia Namanga

Kanuni inayowagusa wafanyakazi wengi zaidi ni ile ya magari. Chini ya makubaliano ya utalii kati ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1985, gari la utalii lililosajiliwa katika nchi moja haliruhusiwi kuendesha safari ndani ya hifadhi za nchi nyingine. Wageni hukabidhiwa mpakani au katika mji uliokubaliwa, na gari la nchi ya pili huwachukua.

Makubaliano hayo yalizua mgogoro mkubwa mwishoni mwa mwaka 2014, wakati Kenya ilipoyazuia magari yenye namba za usajili za Tanzania kuchukua au kushusha watalii katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tanzania ilijibu Machi 2015 kwa kupunguza safari za ndege za Kenya Airways nchini humo kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Marais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta na Jakaya Kikwete, walikutana Windhoek walipokwenda kuhudhuria kuapishwa kwa Rais Hage Geingob wa Namibia, na hapo wakakubaliana kurejesha hali ya awali. Suala lililoanza na dereva anayemsubiri mgeni nje ya uwanja wa ndege lilikuwa limefika kwa wakuu wa nchi.

Desemba 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Namanga kilizinduliwa rasmi na Rais Kenyatta na Rais John Magufuli. Msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, na muda wa kusubiri umepungua. Kituo hicho kiliharakisha safari ya mgeni na ya lori la mizigo, lakini hakikumsaidia mwongozaji wa Nairobi kufika Ngorongoro na gari lake, wala mwenzake wa Arusha kufika Amboseli na lake.

Julai 2025 suala hilo lilichukua sura mpya. Tanzania ilitoa agizo linalowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii ni mojawapo, pamoja na maduka ya rejareja, saluni na uwakala wa kutuma fedha kwa simu. Serikali ya Tanzania ilieleza kwamba lengo ni kulinda ajira za wananchi katika kazi ambazo hazihitaji mtaji mkubwa wala utaalamu wa kigeni. Maofisa wa Kenya walisema agizo hilo linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja.

Tofauti hiyo inaonyesha ugumu halisi. Mwongozaji wa Arusha anaogopa kwamba soko likifunguliwa, kampuni kubwa za Nairobi zitarudi na magari yao kama ilivyokuwa kabla ya 1977. Mwongozaji wa Nairobi anaona kwamba mteja aliyemtafuta kwa gharama zake huondoka na mtu mwingine mpakani. Wa Kigali, Kampala au Bujumbura, ambaye soko lake la ndani ni dogo, huathirika zaidi na kufungwa kwa milango, ingawa sauti yake husikika kidogo katika mzozo huu wa majirani wawili wakubwa.

Jambo moja halijapewa uzito unaostahili. Jumuiya ilikwishakubaliana vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota, na hoteli za nchi wanachama hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Kama jengo linaweza kupimwa kwa kipimo kimoja kutoka Mombasa hadi Musanze, ni vigumu kueleza kwa nini elimu na uzoefu wa mwongozaji havipimwi kwa namna hiyo.

Hesabu ya kundi

Kusafiri kwa kundi hupunguza gharama, lakini si kila mahali. Tofauti hutegemea kama tozo hukatwa kwa kila mtu au kwa kila gari.

Ngorongoro ni mfano wa tozo ya gari. Kila gari linaloshuka ndani ya kreta hulipiwa dola 250, ambazo hufika 295 baada ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, mbali na kiingilio cha kila mgeni. Gari lenye abiria sita hugawana kiasi hicho kwa takriban dola 49 kila mmoja. Wanandoa waliosafiri peke yao hulipa zaidi ya dola 147 kila mmoja kwa kreta ile ile.

Masai Mara ni mfano wa tozo ya mtu. Kaunti ya Narok ilipandisha kiingilio mwaka 2024, na mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, msimu ambao nyumbu huwa upande wa Kenya. Tiketi nayo hutumika kwa saa 12. Hapa ukubwa wa kundi hausaidii chochote: watu kumi na wawili kwa siku mbili za Agosti hulipa dola 4,800.

Katika milima ya sokwe kundi huweza hata kuwa mzigo. Rwanda na Uganda huruhusu watu wanane tu kwa siku kulitembelea kundi moja la sokwe, kwa muda usiozidi saa moja, na hakuna anayeruhusiwa akiwa chini ya umri wa miaka 15. Watalii kumi na wawili hawawezi kwenda pamoja. Hugawanywa katika makundi mawili, mara nyingine katika miteremko tofauti ya mlima, na vibali hununuliwa miezi kadhaa kabla kwa majina na pasipoti za wanaosafiri. Anayeahirisha safari dakika za mwisho huenda akapoteza fedha zake zote.

Bei nayo huamua njia. Rwanda iliongeza bei ya kibali kutoka dola 750 hadi 1,500 Mei 2017. Uganda hutoza dola 800 tangu Julai 2024. Kwa kundi la watu kumi na wawili, tofauti kati ya nchi hizo mbili ni dola 8,400, fedha zinazotosha kulipia magari na malazi ya siku kadhaa. Ndiyo sababu makundi mengi hutua Kigali, kwa kuwa ni karibu zaidi, kisha huvuka mpaka kwenda Bwindi au Mgahinga nchini Uganda. Utaratibu huo hutegemea mipaka iliyo wazi, na historia ya karibuni ya Gatuna inaonyesha jinsi uwazi huo unavyoweza kuyumba: mpaka huo ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022.

Kongo ilikuwa chaguo la tatu, tena la bei nafuu zaidi, kwa kibali cha dola 400 katika Hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo, iliyo kongwe kuliko zote barani, ilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Mwaka huo huo, mwezi Januari, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, ambao ndio mlango wa wageni wa hifadhi hiyo. Askari wa wanyamapori wa Virunga, ambao wengi wao wameuawa kazini katika miaka iliyopita, wanaendelea kulinda mlima ambao wageni hawafiki.

Barabara ndefu ya kwenda Gishora

Kwa kundi linalotafuta utamaduni pamoja na wanyama, Rwanda na Burundi zingepaswa kuwa safari moja. UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na ngoma ya Intore ya Rwanda ikaingia mwaka 2024. Kilima cha Gishora, karibu na Gitega, ndicho mahali ambapo wapiga ngoma wa Burundi wamerithishana sanaa hiyo kwa vizazi.

Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, ikiishutumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, shutuma ambayo Rwanda imeikanusha. Tangu uamuzi huo, anayetoka Kigali kwenda Gitega kwa gari hulazimika kuelekea mashariki hadi Rusumo, kuingia Tanzania, kupita wilaya ya Ngara hadi Kabanga, kisha kuvuka Kobero na kuingia Burundi upande wa Muyinga. Mpaka mmoja umekuwa miwili, na mgeni huhitaji viza ya nchi ya tatu ambayo hakukusudia kuitembelea. Ni kampuni chache zinazothubutu kuiweka njia hiyo katika ratiba ya kundi la siku kumi.

Anayeipanga hata hivyo hana budi kujua kanuni za Burundi zenyewe. Agizo la rais la Oktoba 2017 linataka maonyesho ya ngoma yapate idhini ya wizara inayohusika na utamaduni, na linawazuia wanawake kupiga ngoma hizo. Kundi linaloahidiwa kwamba wageni wote, wanawake kwa wanaume, watajifunza kuipiga ngoma ya kifalme linaahidiwa kitu ambacho mwenyeji hana ruhusa ya kukitoa.

Nani anaonyesha utamaduni, na nani analipwa

Neno utamaduni katika matangazo ya safari hufunika mambo mazito. Katika misitu ya Bwindi na Mgahinga waliishi Batwa, wawindaji na waokota matunda, hadi walipoondolewa mwaka 1991 misitu hiyo ilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa. Leo baadhi yao huwaongoza watalii katika Mgahinga na kuwaonyesha jinsi wazee wao walivyowasha moto, walivyorina asali na kutafuta dawa. Hulipwa kwa kuonyesha maisha ambayo sheria haiwaruhusu kuyaishi. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba Batwa walioondolewa wanastahili hatua za kuwainua na kurekebisha hali yao. Kwa familia nyingi, swali la ardhi bado halijapata jibu.

Ngorongoro ina historia inayokaribiana nayo. Wamasai walioacha Serengeti mwaka 1959 walihakikishiwa kuishi Ngorongoro pamoja na mifugo yao na wanyamapori. Idadi ya watu imekua mara nyingi tangu wakati huo, na serikali ya Tanzania inasema ikolojia imeelemewa. Tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali inauita wa hiari. Wakosoaji wanasema kupunguzwa kwa huduma za afya na elimu kumewanyima watu hiari hiyo. Agosti 2024 maelfu ya wakazi walijitokeza katika barabara inayopitisha magari ya watalii kwenda Serengeti, na Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii hiyo Arusha na kuahidi tume mbili za kuchunguza mgogoro wa ardhi na zoezi la kuhama.

Mgeni anayeingia katika boma kwa dakika arobaini, akanunua shanga na kupiga picha, mara chache huelezwa haya. Kundi lina uwezo wa kuuliza maswali ambayo msafiri mmoja hawezi, kwa kuwa fedha zake ni nyingi: ada ya boma hulipwa kwa nani, mwanamke aliyetengeneza shanga hubaki na kiasi gani, na dereva aliyelichagua boma hilo alilichagua kwa sababu gani. Kampuni inayoweza kujibu kwa risiti hutofautiana sana na ile inayojibu kwa tabasamu.

Zipo taratibu za kugawana mapato ambazo zimeandikwa na zinaweza kufuatiliwa. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi zake kwa miradi ya jamii zinazozizunguka, baada ya kuongeza kutoka asilimia 5 mwaka 2017. Uganda hutenga asilimia 20 ya viingilio vya malango, pamoja na dola 10 kutoka kila kibali cha sokwe. Sensa iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa sokwe wa milimani wamefika 1,063, ongezeko ambalo lisingewezekana kama wakulima wa Kinigi, Kisoro na Buhoma wangewaona wanyama hao kuwa maadui.

Tetesi mbaya hazina mpaka

Kuna eneo moja ambalo ukanda huu umekwisha kuunganishwa machoni mwa wageni, nalo ni hofu. Rwanda ilipotangaza mlipuko wa homa ya Marburg mwishoni mwa Septemba 2024, na kutangaza kuisha kwake tarehe 20 Desemba, maswali hayakuishia kwa waliokuwa wakienda Kigali. Maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025, wakati intaneti ilipozimwa na amri ya kutotoka nje kuwekwa Dar es Salaam, yaliwafanya wapangaji wa safari kuangalia upya ratiba nzima.

Kwa kundi, athari hiyo ni kubwa zaidi. Msafiri mmoja huweza kuruka kituo kimoja na kuendelea. Kundi lenye tiketi moja ya ndege, vibali vyenye majina na vyumba vilivyolipiwa pamoja huahirisha yote. Nchi ambayo haikuwa na mgonjwa wala mwandamanaji hupoteza wageni kwa sababu ya jirani yake. Serikali zinazogawana hasara kwa namna hii zina sababu ya kugawana pia taarifa, na kuzitoa kwa pamoja badala ya kila moja kujitetea peke yake.

Kinachowezekana bila ya mkataba mpya

Kampeni ya Tembea Nyumbani, iliyoanzishwa na Jumuiya mwaka 2021, iliwahimiza wananchi wa ukanda huu kutembeleana badala ya kuwasubiri wageni wa mbali. Bei za wananchi zipo: raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda kuwaona sokwe nchini humo, na dola 200 nchini Rwanda. Kwa mshahara wa mwalimu au muuguzi bado ni fedha nyingi, lakini kwa vikundi vya akiba, shule au vyama vya wafanyakazi vinavyokodi basi moja, ni mwanzo. Lugha nayo ipo. Viongozi wa Jumuiya waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Februari 2021, Rwanda ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata mwaka 2022. Mwongozaji anayezungumza Kiswahili tayari anaelewana na mlinzi wa lango la Sirari, mpishi wa Musanze na mpagazi wa Kisoro.

Kufungua Bologonja kutahitaji utafiti wa kiikolojia na nia ya kisiasa ambayo haijaonekana kwa karibu nusu karne. Lakini kuna hatua ndogo zaidi. Cheti kimoja cha waongoza watalii kingewezekana kwa mfumo ule ule uliotumika kupanga nyota za hoteli. Makubaliano ya mwaka 1985 yangeweza kurekebishwa ili mwongozaji wa nchi ya kwanza aruhusiwe kubaki na kundi lake kama msaidizi, huku gari, dereva na kodi vikiwa vya nchi mwenyeji. Kwa njia hiyo Arusha isingepoteza ajira, na Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura isingepoteza mteja.

Mpaka hapo, ratiba zitaendelea kuandikwa kama zinavyoandikwa leo: siku ya nne asubuhi, kuagana na mwongozaji Namanga, siku ya nne mchana, kukutana na mwongozaji mwingine hatua chache mbele, upande wa pili wa jengo hilo hilo.